Pumba Nilizowatupia Kuku

Nakumbuka siku nilipotaka kugombana na daktari. Cheka, mwanangu, una haki. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nina duka la nguo pale Konde, na kitambi nilichokipapasa kwa fahari. Daktari akatazama picha ya tumbo langu, akasema ini limeingia mafuta, na nisipojirekebisha litaharibika.

"Mie mtoto wa chuo cha Kurani!" nikafoka. "Pombe hata harufu yake siijui!"

Akaniambia maradhi haya humpata hata asiyelewa, kwa vyakula vilivyokobolewa, sukari nyingi na kukaa kitako kutwa. Nikatoka nimenywea. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na nasema kweli, niliogopa nitamwachia mtoto yatima.

Shangazi yangu Bi Mize, aliyenilea, akaja kunijulia hali. Akamkuta mke wangu uani anapepeta mtama alioutwanga mpaka ukawa mweupe, kama nilivyomwamuru. Mkate mweusi wa mtama wenye pumba niliuona chakula cha miaka ile ya shida, watu walipopanga foleni za mchele, haumfai mwenye duka. Pumba zote tulikuwa tukiwatupia kuku. Bi Mize akawatazama wale kuku walivyonawiri, akanigeukia.

"Masudi, wewe wala weupe tu, kuku ndio walao mtama. Hawa watakuzika!"

Niliudhika, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa rangi ya mkate.

Tangu siku ile mtama ukasagwa na pumba zake. Sukari nikapunguza, na dukani nikaenda kwa miguu. Kitambi kilipoondoka, wenzangu walidhani nimefilisika, wengine wakaja kunipa pole! Nikarudi kwa daktari, akapiga picha nyingine, akasema mafuta yamepungua. Nilimkumbatia yule niliyetaka kugombana naye.

Sisemi pumba ni dawa, mwanangu. Anayeumwa aende hospitali. Lakini nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa hushibisha upesi, na sukari huingia mwilini polepole, ini lisielemewe. Kula mtama, ulezi na mchele usiokobolewa, wala usione haya mgeni akikukuta navyo. Kinga ni bora kuliko tiba, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwenyezi Mungu akupe siha na hamu ya kula, na akubakishe mpaka umuozeshe binti yako kwa mkono wako, kama alivyonibakisha mimi.