Mbuzi Watano, Kuku Saba

Nilianza kufundisha kabla sijajua kufundisha. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha, nimemaliza shule na ninasubiri kuitwa chuo. Shule moja ya msingi huko Nyakach, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Katito, ilikuwa haina mwalimu wa hesabu. Nikapewa boksi la chaki na darasa la sita.

Siku ya pili tulifika kwenye hesabu za maneno. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nikawafafanulia: katika boma kuna mbuzi na kuku, vichwa ni kumi na viwili, miguu ni thelathini na minne. Mbuzi ni wangapi? Nikageukia ubao kwa madaha ya mtu aliyepasi vizuri, nikaandika kwamba mbuzi ni *x*.

Mkono ukainuka dawati la mbele. Alikuwa msichana mdogo wa umbo lakini mwenye sauti nzito kama ya shangazi wa watu.

"Madam, mbona umetukosoa na hatujafanya?"

Darasa lote likamuunga mkono. Kwao *x* ilikuwa alama nyekundu ya kukosa, basi. Nikawaambia hapana, hii *x* ni idadi ambayo hatuijui.

"Kama hatuijui, tunaiandika ya nini?"

Nikaifuta ile *x*. Mwalimu mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akipita dirishani. Aliniita ofisini wakati wa mapumziko.

"Madam, hiyo ni ya sekondari. Hawa wafundishe bila hiyo."

"Ndiyo, Mzee."

Nilitoka nikiwa na aibu ambayo sikumwambia mtu. Bila *x*, mimi mwenyewe sikujua pa kuanzia.

Jumamosi nikaenda nyumbani Nyamasaria. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anamenya njugu. Nikamsomea ile hesabu nikitumaini atanihurumia tu.

"Huyo mtu ana akili timamu?" akauliza. "Ameingia boma la watu, badala ya kuhesabu mbuzi anahesabu miguu?"

"Mama, ni hesabu ya kitabu."

"Haya. Vichwa kumi na viwili." Akapanga maganda kumi na mawili kwenye mkeka. "Miguu thelathini na minne." Akahesabu njugu thelathini na nne kiganjani. "Hakuna kiumbe hapa chenye miguu chini ya miwili, sivyo? Basi kila mmoja apate miwili kwanza."

Akagawa. Kila ganda likapata njugu mbili, na mkononi zikabaki kumi.

"Hizi ni za mbuzi. Wamepewa miguu miwili na bado wanalia." Akaendelea kuongeza mbili mbili: ganda la kwanza, la pili, la tatu. Zilipoisha, maganda matano yalikuwa na njugu nne nne. "Mbuzi watano. Kuku saba. Sasa nipishe, nina kazi."

Mama aliishia darasa la pili. Nilikaa pale mkekani nikiyatazama yale maganda hadi akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu nilifika darasani na mfuko mzima wa njugu. Nikagawa, nikaeleza, nikageuka kuandika ubaoni. Nilipowageukia tena, nyuso zote zilikuwa na upole wa kutia shaka, na taya zinatembea.

"Miguu iko wapi?" nikauliza.

"Madam," ikajibu ile sauti nzito, "mbuzi wangu wote ni viwete."

Walikuwa wamezila njugu. Nikawaza kidogo, nikawatoa nje. Nikasimamisha watoto kumi na wawili kwenye mstari.

"Nyinyi nyote ni kuku. Miguu mingapi?"

"Ishirini na minne!"

"Tunataka thelathini na minne. Imepungua mingapi?"

"Kumi!"

"Mmoja akiinama akashika chini kwa mikono, tunaongeza mingapi?"

Msichana yule wa sauti nzito akajitupa chini, mikono na magoti kwenye vumbi, akalia kama mbuzi aliyefungwa juani. "Miwili!" mtu akapiga kelele. Wa pili akainama, wa tatu, hadi wa tano. Darasa likahesabu miguu kwa sauti moja, na walipofika thelathini na minne walishangilia hadi darasa la kwanza wakatoka nje kuangalia.

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kuwa kuku. Wiki ya pili mama mmoja alikuja na sare ya mwanawe mkononi, magoti yametoboka.

"Madam, mtoto wangu anasoma au anachungwa?"

Nikamwomba msamaha. Nikawaamuru mbuzi wachuchumae tu.

Lakini siku inspekta wa shule alipofika kwa pikipiki yake, hakuna aliyekumbuka kuchuchumaa. Alitukuta uwanjani, watoto wanane wakiwa chini kwa mikono na miguu, na mimi nikiwazunguka na rula. Mwalimu mkuu aliyekuwa akimsindikiza alivua miwani, nadhani ili asione vizuri.

Inspekta alituingiza darasani, akatuuliza hesabu yake mwenyewe.

"Samaki aina ya mbuta ana uzito wa kilo sita na nusu ya uzito wake. Ana kilo ngapi?"

"Tisa!" darasa zima likajibu.

Hata mimi kichwani nilikuwa na tisa. Inspekta akatabasamu, akanigeukia. "Madam, wewe unasemaje?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana wa sauti nzito alikuwa ameshasimama na kuchukua chaki. Akachora samaki mkubwa ubaoni, akamkata katikati kwa mstari.

"Huyu ni samaki mzima," akasema. "Upande wa mkia ni nusu ya uzito wake. Upande wa kichwa ndio zile kilo sita. Kama kichwa ni sita, mkia pia ni sita. Ni kumi na mbili." Akageukia wenzake. "Nyinyi mmesema tisa, mmeuziwa samaki mwingine."

Inspekta alisogea karibu na ubao. "Rudia," akamwambia, na safari hii alichukua kalamu. Akaninong'oneza kwamba yeye huifanya kwa *x* miaka yote. Kwenye kitabu cha wageni aliandika kwamba darasa la sita wanafikiri, ila wanahitaji sabuni.

Mtihani wa mwisho wa muhula haukuwa na mbuzi wala samaki. Ulikuwa na tangi moja la maji na mabomba mawili, moja linajaza, jingine linamwaga. Nilipita katikati ya madawati mikono nyuma, nikichungulia kazi zao. Karibu kila karatasi ilikuwa na mchoro wa tangi, wengine wamepiga mistari ya maji ya kila saa, wakihesabu kwa ncha ya kalamu. Zaidi ya nusu waliipata. Msichana wa sauti nzito aliikosa. Alikuwa amechora mabomba mazuri sana, yenye koki na matone yanayodondoka, na chini ya moja akaweka ndoo na mama anayesubiri. Muda ukamwishia pale. Nilimpa alama moja ambayo hakustahili.