Kiwiko Kwenye Picha

Ofisini walimwita Jicho, na si kwa kumsifu. Alianza kazi akibandika bei kwenye makopo, akahamia kaunta, kisha akajisomea takwimu mpaka makao makuu ya supamaketi yakamchukua kuwa mchambuzi wa mauzo. Yeye ndiye aliyeamua bidhaa gani ikae rafu gani katika matawi yote tisa. Dada yake aliyeishi naye alizoea kumtania: "Wewe hata chumvi ya jikoni unaishuku."

Mwaka wa tatu alichora mpangilio mpya wa bidhaa za watoto. Nepi, kwa kuwa pakiti zake ni kubwa, akazishusha rafu ya chini kabisa. Matawi manane hayakutikisika. La tisa, lile la karibu na stendi, likauza nepi maradufu.

"Mpango wako umejibu," bosi alimwambia. "Cheo cha mkuu wa kitengo ni chako. Jiandae tu."

Wenzake wakampongeza, lakini moyo wake ukakataa kutulia. Mpango ni uleule, mbona tawi moja tu? Akamshuku meneja wa pale: labda anawauzia wenye vibanda kwa jumla ili aonekane hodari. Akafungua picha za rafu ambazo kila tawi lilituma Jumatatu. Nepi zilikuwa chini, sawasawa na alivyochora. Akazikodolea macho tena. Pembeni mwa picha kulikuwa na kiwiko cha mteja mwenye shati la mistari. Wiki sita, kiwiko kilekile.

"Huyu hana kwao?" akajisemea.

Kesho yake asubuhi akaenda pale bila kuaga, akabeba kikapu kama mteja. Nepi hazikuwa chini. Zilipangwa usawa wa kiuno, mafuta ya watoto ubavuni. Akajifanya anasoma maandishi ya sabuni huku akipeleleza. Kumbe naye alikuwa akipelelezwa. Mpanga rafu mmoja, mama mtu mzima waliyemwita Mama Ngazi, alimtazama kutoka juu ya ngazi yake.

"Dada, nusu saa hii hujachukua hata kiberiti. Unatafuta nini?"

"Nepi."

"Mtoto ana kilo ngapi?"

Jicho akababaika.

"Ehee! Umetoka makao makuu." Mama Ngazi akashuka taratibu. "Nepi nimezihamisha mimi. Meneja anawaogopa, ndiyo maana anawatumia picha ileile. Nifukuzisheni mkitaka, ila kwanza niambie: mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi anainama vipi?"

Jicho akaitazama rafu ya chini. Alikuwa amepima pakiti. Migongo hakuifikiria kabisa.

Njiani kurudi alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Jambo hilo lilimchoma zaidi: sasa alijishuku mwenyewe. Akapitiliza moja kwa moja hadi kwa bosi, akamweleza yote.

Cheo kikaenda kwa mwingine. Meneja akapewa barua ya onyo. Mama Ngazi alinusurika kwa sababu Jicho alimtetea mpaka sauti ikamkauka, na nepi zikapandishwa rafu katika matawi yote. Zikatoka kweli.

Mwezi uliofuata Jicho alirudi kumwomba Mama Ngazi wachore pamoja mpangilio wa sabuni.

"Na jina langu litakuwemo?"

"Litakuwemo."

"Basi liandike sasa hivi, nikiona."

Jicho akacheka, akatafuta kalamu.