Oli Niliyoimwaga Mwezi wa Ramadhani

Petroli iliyolala siku nyingi ndani ya tangi hainuki kama petroli mpya. Ile mpya inakupanda puani ikapita zake. Iliyolala inanuka uchachu, kama rangi ya mlango iliyosahauliwa koponi, na harufu yake inang'ang'ania vidole hata ukinawa kwa sabuni na mchanga. Mimi leo nina wajukuu, lakini nikiinusa midomo yangu hujibana yenyewe kabla sijafikiri. Shule sikuipata, darasa la pili nililiacha njiani. Lakini injini ndogo iliyonishinda sijaiona bado, na hilo nalisema bila haya, maana kila spana iliyomo katika karakana yangu hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji, nimeinunua kwa jasho langu, mwanamke mimi, wala sikushikwa mkono na mtu. Ninayoyaandika hapa si ya kujivunia. Ni ya mwezi mmoja nilipokuwa na miaka kumi.

Baba yangu, Nassoro, alikuwa mkata nyasi wa nyumba kubwa kwenye shamba la minazi, mwendo mfupi kutoka mjini. Mreno mwenye nyumba alikuwa ameondoka uhuru ulipokuja, akaacha jokofu la mafuta ya taa na mashine ya kukata nyasi. Jokofu lilikufa mwaka uleule. Mashine Baba aliisoma kwa vidole, kwa sababu kitabu chake kilikuwa cha Kireno na yeye hakusoma kitu ila Kurani. Aliifungua akaifunga mpaka akajua kila nati inakaa wapi. Alikuwa na kamba ya usumba ukutani. Kila akikata nyasi alipiga fundo moja, na mafundo yakitimia kumi alimwaga oli yote, yale mafuta ya kulainisha chuma ndani ya injini, injini ikiwa bado vuguvugu ili uchafu utoke nayo, akatia mpya, akafungua mafundo, akaanza upya. Kabla ya yote alichomoa waya wa vela, ile plagi inayotoa cheche, kwa kuwa kisu kinaweza kuzunguka chenyewe kikala vidole. Vela aliisugua kwa msasa mpaka ing'ae. Chujio la hewa, lililokuwa kama sifongo, aliliosha kwa sabuni akalianika kivulini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, alikuwa akisema, na mimi nikichuchumaa mbele yake nikimpa chombo kabla hajakiomba. Mashine hiyo hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uiguse, ila wangu, tena mbele ya macho yake.

Mwaka huo Ramadhani ilikuja mwishoni mwa masika. Mvua ilikuwa imeizuia mashine kibandani wiki nyingi, nyasi zikafika magotini, na petroli ikachacha tangini, maji yakiwa yamejipenyeza humo. Siku ya ishirini ya mfungo Baba alivuta kamba ya kuwashia injini mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Injini ikakohoa ikanyamaza. Mpishi wa nyumba ile aliitwa Alberto, mtu wa kusini, Mkristo, mwenye Kiswahili alichokiokota sokoni na mdomo usiopumzika. Akatoka jikoni na kijiko mkononi. "Mzee Nassoro, na mashine nayo imefunga?" Kisha akaacha mzaha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa shefe, kijana msimamizi aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua lugha yetu. Shefe amesema kesho asubuhi wageni wanakuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alisema Alberto, na wakizikuta nyasi hivi, kazi atapewa mwingine.

Dawa ilijulikana. Petroli mbovu ilitakiwa itoke, na njia ya kuitoa ilikuwa kutia mpira mwembamba ndani ya tangi na kuvuta kwa mdomo mpaka ianze kutiririka. Lakini anayevuta humeza, apende asipende, na aliyemeza hana saumu. Alberto akasema, "Mimi sifungi, lete huo mpira." Baba akamtazama kuanzia miguuni. "Kwa pombe iliyo mdomoni mwako? Utatuunguza na nyumba." Akaamua angoje, atavuta baada ya kufuturu, na alfajiri atakata. Akafungua kifuniko cha oli, akatazama kijiti cha kupimia, akaridhika, akarudishia kifuniko juujuu bila kukikaza, maana alikuwa amesikia adhana ya alasiri. Akaenda kuswali. Kungoja huko kulikuwa na akili. Mimi ndiye niliyekosa akili.

Nami nilikuwa nimefunga. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza, siku kumi na tisa nilikuwa nimezitimiza bila hata tone, na bibi yangu alikuwa ameniahidi kanga mpya siku ya Idi nikiumaliza. Lakini ule mzaha wa Alberto ulikuwa umenichoma, nikataka Baba akirudi aikute mashine tayari. Nilichomoa waya wa vela kama nilivyofundishwa. Nikatia mpira, nikavuta. Mara ya kwanza upepo mtupu. Mara ya pili petroli ilinijaa kinywani, ikashuka. Nilitapika nyuma ya kibanda mpaka macho yakanitoka machozi, nikarudi, nikaendelea. Matone ya mwisho yalipogoma kutoka, kizunguzungu kikanisahaulisha katazo kubwa la Baba, kwamba mashine hailazwi ubavu. Nikailaza. Kifuniko kilichokuwa hakijakazwa kikaachia, na oli ikamwagika mchangani, nyeusi, bila sauti. Niliinua mashine, nikakaza kifuniko, nikafukia kwa mguu. Kijiti sikukitazama. Nilijiambia kuna iliyobaki. Nikasugua vela, nikatia petroli mpya kutoka dumuni, nikarudisha waya.

Baba alirudi, akaona tangi, akauliza nani amevuta. Nikasema, "Alberto." Neno hilo lilitoka jepesi kuliko mate. Uso wa Baba ulikunjamana, lakini mfungaji hagombani. Akasema bismillahi, akavuta kamba, na mara ya pili injini ikanguruma vizuri sana. Alberto akapiga makofi mlangoni mwa jikoni: "Kumbe imefuturu kabla ya wenyewe!" Baba akaielekeza mashine kwenye nyasi. Alianza kukata, na ile harufu ya nyasi mbichi ikajaa ua wote, nami nikasimama nikijiona mtu mkubwa. Alipofika nusu ya ua, sauti ikabadilika. Ikawa kavu, ikapiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa juu ya chuma, kisha ikakatika ghafla. Baba akavuta kamba. Haikusogea hata kidogo.

Akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu. Alikitazama muda mrefu, akautazama mchanga uliofukiwa, kisha akanijia, akainama mpaka uso wake ukafika usoni kwangu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Umefunga leo?" Nikasema, "Nimefunga, Baba." Alikaa vilevile, akiningoja. Shefe akatoka nje kwa haraka. Miaka ile mashine haikuwa ya mtu, ilikuwa mali ya wananchi, na aliyeiharibu aliweza kuitwa adui akapelekwa mbali. Shefe akauliza, Alberto akatafsiri: nani aliyeitengeneza? Ningeweza kusema. Baba pia angeweza kusema Alberto, na mtu huyo angepotea bila kosa. Baba akasimama wima. "Mimi. Sikutazama oli." Alberto akababaika, maana alijua Baba hakuwa mtu wa kusahau oli. "Mzee, niseme hivyo hivyo?" Baba akamjibu, "Sema hivyo hivyo."

Hawakumpeleka mbali, Mungu alimstiri, lakini kazi iliisha palepale. Akachukua fyekeo, akaimaliza nusu ya ua iliyobaki kwa mkono, akiwa na njaa na kiu, na hakuna aliyemwamrisha. Magharibi ilipoingia, kikombe cha kwanza cha maji alinipa mimi. Nilikinywa. Siku ya Idi bibi akanifunga kanga mpya kiunoni, na Baba akasema imenikaa vizuri. Baada ya hapo tukahamia kijiji cha Mute kulima muhogo na ufuta, na mikono iliyojua kila nati ya mashine ile haikushika injini tena mpaka alipokufa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilio changu kilichelewa. Nilimwambia Baba nikiwa na watoto wanne, na jina tayari kwa kutengeneza mashine za kusaga. Alikuwa anamenya muhogo. "Nilijua," alisema. "Petroli ilikuwa mdomoni mwako. Nilikuuliza, nikangoja." Akamenya mwingine, kisha akauliza: "Waya wa vela uliutoa kabla ya kuilaza?" Nikasema niliutoa. "Basi mjinga hukuwa. Ulikuwa mwoga."

Siku hizi huko Afungi, ndani ya uzio wa watu wa gesi, kuna nyasi zinazokatwa kila wiki, na mashine zake zikiugua baadhi huletwa kwangu. Petroli tunaivuta kwa pampu ndogo ya plastiki; hakuna anayeonja kitu, na afadhali. Mji huu uliposhambuliwa tulikimbia, tukarudi, nyumba nimeijenga upya, kanga ile iliungua na sanduku lake. Vijana wanaonifanyia kazi wana haraka na wanajua mengi yasiyojulikana zamani, lakini kifaa kikiharibika nasikia jibu lilelile, sijagusa. Katika karakana yangu anayemwaga oli akasema, namtilia nyingine wala simfokei. Anayefukia, anaondoka.

Na kila mwaka, Ramadhani ikipita, nafunga siku moja zaidi. Mwalimu wa madrasa aliniambia niache, mtoto wa miaka kumi hana saumu ya kulipa. Nikamwambia najua, mwalimu. Jioni ya siku hiyo namimina kikombe cha maji, nakiweka mbele yangu, na sikinywi mpaka nimesema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu: ni mimi niliyeimwaga.