Mikono ya Binti Yangu na Ekseli Iliyorukuu

Walisema ni mikono yake. Kwamba binti yangu anashika usukani kwa woga, na gari nalo ni kama ng'ombe, likishamjua mchungaji mwoga linamchezea. Hayo yalisemwa Mikumi, kwenye kambi ya wageni anakofanya kazi ya udereva, na yakapanda basi mpaka Kilosa yakanikuta kwenye gereji yangu nasugua plagi.

Kesho yake akapiga simu mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Namwita mama kwa kuwa amerithi jina la mama yangu mzazi, na wakati mwingine nikimsikia anafoka najikuta nimekaa vizuri. Siku hiyo hakufoka. Aliongea polepole, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Wamenipa mpaka Ijumaa. Gari likitetemeka tena, usukani anapewa mwanaume. Wameshampata, anatoka Morogoro."

Nikamwambia nakuja.

Gari lenyewe nalijua, ni pikapu ya kambi, imenyanyuliwa juu mpaka mama mjamzito hawezi kuipanda bila kigoda. Inabeba mchele na mboga kutoka huku kwetu, na masika inapita njia za Kidete ambako mto Mkondoa ukifura barabara inakuwa uji. Aliyeinyanyua ni mimi. Msimamizi wa kambi aliileta mwenyewe, nami nilipomkabidhi nikamwomba kitu kimoja tu, binti yangu ajaribiwe udereva. Akajaribiwa, akafaa, akaajiriwa.

Nikapanda basi la asubuhi. Njiani tulipita Ulaya, nacho ni kijiji chetu hapa hapa wilayani, usije ukadhani mzee alivuka bahari. Abiria mmoja mgeni alisoma kibao akacheka mpaka tukafika Zombo. Lakini hayo hayahusiani na ekseli.

Fundi wa Mikumi aliyekuwa analitibu lile gari ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, babu yake alikuja Kimamba kukata mkonge, mimi Msagara wa hapa hapa, kwa hiyo hakuna tusi kati yetu linaloweza kufika kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliponiona nashuka hakunisalimia hata.

"Msagara, umekuja kumfundisha mwanao kushika usukani, au umesikia harufu ya pilau?"

"Nimekuja kuhesabu beringi ulizozika."

Maana alikuwa ameshabadilisha beringi za tairi la kushoto mara mbili. Tairi zote amezipeleka kwenye balansi. Akaweka mpaka shokapu mpya ya usukani. Kila akimaliza analizungusha gari mjini, linatulia kama jamvi, anasema limepona. Binti akilipeleka barabara kuu, linarudi na ugonjwa ule ule. Sasa ukiwa na gari linalopona mikononi mwa fundi na kuugua mikononi mwa dereva, watu wanamtazama nani? Na dereva mwenyewe akiwa mwanamke, hata hawajisumbui kuuliza.

Mimi nikauliza. Sikusoma sana, niliishia darasa la nne nikaenda kuziba pancha za baiskeli pale stesheni ya Kimamba, lakini baiskeli zilinifundisha kwamba mwenye kuikalia ndiye anayejua inapouma.

"Mama, hebu nieleze tangu mwanzo."

"Chini ya sabini, kimya. Nikifika themanini na lami ni nyororo, kimya bado. Ila nikiwa kwenye themanini hiyo tairi la kushoto likagusa kiraka, au pale lami inapoungana na daraja, usukani unashikwa na degedege. Hauachi mpaka nishuke arobaini."

"Umewaambia hivyo?"

"Mara tatu. Wakaniuliza kama nimekula."

Mtani akajifanya anatafuta spana.

Maelezo yale yalikuwa nusu ya dawa. Tairi lisilo na balansi halingoji kuguswa, likifika mwendo wake linatetemeka tu, kila safari. Hili lilikuwa linangoja kichokozi. Maana yake kuna mahali chuma kimelegea, kinakaa kimya mpaka kipigwe kofi.

Tukapiga jeki upande wa kushoto. Nikashika tairi juu na chini, nikasukuma na kuvuta. Ko. Ko. Linacheza, kidogo, kama jino la mtoto.

"Si unaona," mtani akasema. "Beringi. Nitatia ya tatu."

"Tia na ya nne kabisa, uwe na ukoo." Nikamgeukia binti. "Mama, panda ukanyage breki, usiachie."

Hii nilifundishwa na dereva mmoja wa malori ya mkonge, marehemu sasa, alikuwa mlevi lakini mkweli. Ukikanyaga breki, tairi na kitovu chake vinabanwa vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo kama kinachocheza ni beringi ya tairi, mchezo unakufa pale pale. Ukiendelea kucheza, mgonjwa yuko ndani zaidi.

Binti akakanyaga. Nikasukuma. Ko. Ko.

Mtani akainama akashika yeye. Ko. Akamwambia binti, "Kanyaga vizuri." Binti akajibu, "Nimekanyaga mpaka mguu unauma, baba mdogo." Akashika tena. Ko. Safari hii akaenda kuleta kreti la kukalia.

Mgonjwa alikuwa kingpini, kile kiungo ambacho tairi hugeukia linapokata kona. Tulipokifungua, beringi yake ya chini ilikuwa na mashimo kama uso wa aliyeugua ndui, na grisi imechanganyika na tope la Kidete imekuwa ugali wa mtama. Mtani akatuma mtu dukani, tukaweka mpya, tukapanga vibati vyake vya kukazia kimoja kimoja, mpaka ukivuta tairi halisemi kitu. Akasimama akafuta mikono.

"Haya Msagara, umeshinda. Tukale."

Nami ningeenda kula. Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. Kingpini ya gari lile hufa kizee, na hii ilikuwa imekufa kijana, masika moja tu. Nani aliyempiga? Nikachuchumaa pembeni, nikaitazama ekseli kwa ubavu, na hapo njaa ikaniisha.

Ncha ya mbele ya springi inaning'inia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyoishika na chesisi. Nilipolinyanyua lile gari, vipande vile nilivirefusha. Gari likapanda, watu wakasifu. Lakini ncha ya springi ilishuka, springi ikalala kifudifudi, na ekseli iliyofungwa chini yake ikainama mbele kama mtu aliyerukuu. Tena mtu wa baiskeli ndiye wa mwisho kusamehewa kosa hili. Baiskeli ukiachia mikono inajiendea yenyewe kwa sababu uma wake wa mbele umelala. Igonge ukutani, uma urudi nyuma usimame wima, utaona inavyoyumba kama kuku aliyekatwa kichwa. Nilinyoosha uma za watu Kimamba utoto wangu wote, halafu mzee mzima nikaenda kuupinda wa pikapu kwa mikono yangu. Tairi zilikuwa hazijui mbele ni wapi, zinatafuta huku na huku, na kila zikitafuta zinaitwanga kingpini.

Msimamizi wa kambi alikuwa ameshafika, amesimama na funguo. Shikamoo yake ilikuwa ya heshima, ila macho yalikuwa kwenye saa. "Mzee, limepona?"

Nitasema ukweli, nilikaribia kusema ndiyo. Kingpini mpya ingevumilia miezi miwili mitatu. Ningepanda basi nikiwa shujaa, hakuna ambaye angejua. Kisha degedege ingerudi, na mimi niko Kilosa nasugua plagi, nao wangemtazama nani? Mikono ile ile.

"Bado," nikasema. "Gari hili nililiharibu mimi." Nikawaonyesha kwa kidole, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, na habari ya baiskeli.

Mtani, Mungu amjalie, akasema, "Kwa hiyo mwenye mikono mibovu ni baba. Mtoto amerithi tu lawama." Wakacheka wote, na msimamizi naye, na binti yangu akacheka mpaka akakalia bampa.

Kurudisha vile vyuma vifupi kungelishusha gari, na tope la Kidete halina huruma. Nikachonga kabari mbili za chuma, tupa mkononi, alasiri nzima, jasho linaingia machoni. Tukazichomeka kati ya springi na ekseli, upande mnene nyuma. Ekseli ikainua uso. Mtani alizikaza nati mwenyewe, akakataa nisimshikie hata tochi.

Alhamisi asubuhi tukatoka, lami ya kuelekea Iringa, kwa kuwa ile ya hifadhini hairuhusu kukimbia. Binti kwenye usukani, mimi mlangoni, mtani katikati, tulimweka pale asipate pa kurukia. Sabini. Themanini. Akalitafuta daraja, akalenga pale lami inapoungana nalo kwa tairi la kushoto kama anayelenga nyoka. Likapiga, du. Gari likashuka, likapanda, likanyooka. Akatafuta kiraka, akakipiga. Kimya. Kisha akaiinua mikono yote miwili akaiweka mapajani.

"Shika usukani mwanangu," mtani akasema, sauti imepanda.

"Si mlisema tatizo ni mikono yangu, baba mdogo? Nimeiondoa."

Gari likaenda. Likaenda kama baiskeli mpya ya mwalimu, limenyooka na mstari mweupe, na mtani amelishika goti langu kwa nguvu mpaka likaacha alama. Sijawahi kufurahia maumivu ya goti namna ile.

Ijumaa, mimi nimesharudi Kilosa, yule dereva wa Morogoro alifika na begi lake. Nasikia alipewa chai, akaelezwa, akarudi na basi la saa saba. Msimamizi akasema atakwenda mwenyewe na binti kuchukua mizigo Dumila, apime kwa mwili wake.

Gereji yangu iko kando ya barabara hiyo. Saa tisa nikaona pikapu inakuja, inapunguza, inasimama mbele yangu. Binti akateremsha kioo, akaweka kidole mdomoni. Kwenye kiti cha pembeni msimamizi amelala, mdomo wazi, kichwa kwenye dirisha.

"Amelala toka wapi?" nikanong'ona.

"Toka Zombo. Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Akaingiza gia, akaondoka taratibu, asimwamshe bosi wake.