Msimpige Kichwani

Mimi ndiye niliyewakataza wavuvi wasitumie rungu. Nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia.

Siku za mwisho za Waingereza nilikuwa karani Wete, kazi yangu kuandika kadi za samaki. Mzungu mmoja alikuwa akikusanya samaki wa maji makuu, wale wa chini kabisa ya mkondo wa Pemba, awapeleke makumbusho ya kwao. Kila samaki alikuwa na kadi yake: amevuliwa wapi, kina cha pima ngapi, kwa mshipi au kwa nini, na hali yake ikoje. Hiyo hali ndiyo iliyompandisha Mzungu mori. Samaki wa kina kirefu, wavuvi wetu humpasua kichwa kwa rungu angali ubavuni mwa mtumbwi, kabla hajaingizwa ndani, kwa sababu ana meno na hana adabu. Basi mimi kutwa naandika: fuvu limevunjika, jicho limetoka. Siku moja Mzungu aliitupa trei nzima ukutani, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia samaki, ikanirukia machoni, akaniambia niende Gando, kijijini kwetu, nikawaambie watu wangu waache ushenzi.

Nikaenda kwa baiskeli, kifua mbele, nikijiona msomi. Nilimkuta kaka yangu pwani akitia chambo.

"Msimpige kichwani," nikamwambia. "Mpandisheni mzima."

"Ntu kapandisha jini zima chomboni mwake, umeona wapi weye?"

"Usiniaibishe, kaka. Nitafukuzwa kazi."

Alilitoa rungu mtumbwini akalitupa mchangani, miguuni pangu, akaenda zake baharini.

Aliporudi adhuhuri nilikuwa nikimngoja na ndoo yangu. Mvuvi mwenzake alikuwa akiteka damu mtumbwini kwa kata, akiimwaga baharini. Samaki waliyemvua, mweusi, urefu wa mtu, alijipindua walipomwingiza, akaukamata mkono wa kulia wa kaka akautafuna mpaka mfupani. Hawakuwa na kitu cha kumpigia. Walimkaba kwa mikono mpaka akafa, na mwili mzima hakuwa na hata mkwaruzo. Nilichukua panga pale pwani nimkatekate vipande. Kaka alinizuia, mkono umefungwa kikoi kilicholowa.

"Mwache. Si ndiye uliyemtaka?"

Nikampeleka Wete. Mzungu alifurahi, akanipiga bega. Kwenye kadi niliandika: mzima, hana jeraha. Wiki ile ile hospitali wakaukata mkono wa kaka. Nilimchukia Mzungu, nikajichukia mimi zaidi.

Nyumbani tulikuwa tukila sinia moja. Kaka alikataa kutia mkono wa kushoto, mkono wa chooni, mbele ya baba. Akawa anakula peke yake uani, ametupa mgongo. Mama alimbembeleza, baba alimwamrisha, akawa kama hakusikia.

Ijumaa moja tuliporudi msikitini nilichukua sahani yangu nikakaa karibu naye. Nikaanza kula kwa mkono wa kushoto, nikidhani namfariji. Alinitazama tonge mbili, tatu. Kisha akanipiga ngumi ya mdomo, kwa huo huo mmoja aliobaki nao. Mdomo ukapasuka, jino likalegea.

"Weye unao," alisema. "Kula na mkono wako."

Nikala kwa mkono wa kulia, damu inachuruzika kwenye wali, naye akinitazama mpaka sahani ikawa tupu.