Kivimbe Kisichouma

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Niligusa mfuko. Sista Mkuu wa zahanati yetu ya Temeke, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, alikuwa ameshona mfuko wa kitambaa, akaujaza pamba, na ndani akaficha punje ya hindi, kokwa ya ukwaju na kifungo cha shati. Akanifunga macho kwa bandeji. "Tafuta," akasema. Mie Roza, binti wa Songea, nesi mpya, gauni jeupe limepigwa wanga hadi linasimama lenyewe, napapasa mfuko kama anayetafuta chawa!

"Si kwa ncha," akanikemea. "Tumia tumbo la kidole." Tumbo la kidole, wajukuu zangu, ni pale penye nyama, upande wa pili wa ukucha. Unalaza vidole vitatu, unazungusha taratibu kuanzia kwapani hadi kwenye chuchu, huruki mahali. Punje na kokwa zilikimbia kila nikizigusa. Kifungo hakikwenda popote, maana alikishona kwenye kitambaa.

"Kinachong'ang'ania ndicho kinanitia wasiwasi zaidi," akasema. "Lakini si kazi yako kuhukumu. Kazi yako ni kukikuta, na kuniletea mwenye titi."

Nikaitikia. Na miezi michache tu baadaye nikahukumu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mize, muuza vitumbua, Mzaramo mwenye mdomo, Mungu amrehemu. Akinadi vitumbua vyake pale Temeke, Chang'ombe wanasikia. Asubuhi moja nikampa shikamoo yake, yeye akanivuta pembeni ya jiko na kushusha sauti.

"Nesi, nina kijiwe hapa, titi la kushoto. Lakini hakiumi."

Nilikuwa nimechelewa. "Kama hakiumi, Bi Mize, si kitu," nikamjibu, kitumbua mdomoni. Sikugusa hata. Haya, nesi huyo!

Wiki ile ile Sista Mkuu akawa anafundisha kina mama wanaonyonyesha. Titi likiuma na kuwa la moto, akasema, mara nyingi ni maziwa yameganda, au ni jipu. Vivimbe vingi havina ubaya wowote. Lakini kile kibaya mara nyingi huanza kimya kimya, bila maumivu, ndiyo maana kila kivimbe lazima kitazamwe. Moyo wangu ukafanya pa! Nikamfuata nikamweleza kila kitu.

Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. "Nani alikufundisha kungoja maumivu?"

"Hakuna, Sista."

"Bwana Daktari anakuja Alhamisi. Mlete."

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa pili. Nilikwenda mchana, na gauni langu la wanga, nikamkuta Bi Mize uani anasukwa, wanawake wamejaa kwenye mikeka. Nikasema kwa sauti ya kinesi: "Bi Mize, lile titi lako inabidi Bwana Daktari alitazame!"

Bi Mize akainuka mkekani.

"Titi langu limekuwa kesi ya baraza la jumbe?" akasema. Akaingia ndani na nywele nusu zimesukwa, akafunga mlango. Siku mbili hakuniuzia kitumbua wala hakuitikia shikamoo yangu. Nilimwogopa, lakini niliogopa zaidi Alhamisi isije ikapita bure.

Msusi wake ndiye aliyenihurumia. "Nesi, umesoma lakini huku pwani hujafundwa. Mambo ya mwili wa Bi Mize anayasema somo yake." Somo ni yule mwanamke aliyemfunda mwari alipovunja ungo. Mwingine yeyote akimwambia mwenzie vua, ni matusi. Somo akisema, ni amri. Somo wa Bi Mize aliitwa Bi Kondo, bibi wa Kinondoni. Nikapanda basi hadi Kariakoo, nikamalizia kwa miguu, jua linachoma.

Bi Kondo alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza moja tu. "Nani alimwambia si kitu?"

"Mie."

"Basi utamwambia mwenyewe kuwa ulikosea. Mengine niachie."

Alhamisi akatokea uani na fimbo yake. "Mize! Vaa khanga safi, tunatoka."

"Naam, somo." Jamani, Bi Mize yule asiyemwogopa hata askari, katoka kama mtoto wa darasa la kwanza! Nikapiga magoti nikamwambia nilikosea, na kwamba naogopa. Bi Mize akanyoosha khanga yake begani. "Beba kikapu," akasema. Nikajua nimesamehewa.

Kule zahanati Bi Kondo alishika khanga mwenyewe, Bwana Daktari akaona titi tu, basi. Kilianza lini? Akajibu Bi Kondo. Amezaa mara ngapi? Bi Kondo. Bwana Daktari akavua miwani. "Mgonjwa ni nani hapa?" Hata Sista Mkuu alicheka. Kisha Bwana Daktari akalaza vidole, na kicheko kikakatika. Kilikuwa kile cha kung'ang'ania.

Kule hospitali ya mjini wakaliondoa titi lote. Nililia nyuma ya stoo ya dawa, nikiwaza ningenyamaza mwaka mzima ingekuwaje. Bi Mize akarudi amekonda, akaniomba pamba, akaijaza kwenye gauni. "Hili jipya halitaanguka kamwe," akawatangazia wateja.

Nikahamishiwa Kimbiji, baadaye Kinondoni, na kila kituo kipya, kabla hata ya kufungua kabati la dawa, niliuliza: somo wa wanawake wa hapa ni nani? Nilimweka kwenye kiti karibu yangu, nikampa mfuko wa pamba ajifunze; Bi Mize alishaujifunza kabla sijaondoka Temeke.

Nilistaafu bendera imeshabadilika zamani. Siku hiyo, hotuba zimekwisha, soda zimekwisha, Bi Mize akaja mkongwe na bakuli la vitumbua.

"Roza, miaka yote hii, wewe nani anakukagua?"

Vidole hivi vimepita kwa wanawake nisiowajua idadi. Kwangu mwenyewe, hata siku moja. Niliogopa, wajukuu zangu, hiyo ndiyo kweli.

Akanisukuma ndani ya chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango. "Vua."

"Tumia tumbo la..."

"Kakuuliza nani?"

Akaanzia kwapani, taratibu, haruki mahali. Upande wa kushoto akasimama. Akazungusha mara moja, mara mbili, kisha akaendelea mpaka mwisho, akanifunga vifungo vya gauni kimoja kimoja.

"Hamna kitu. Mwezi ujao unakuja kwangu, na usinitume kukutafuta."

"Naam, somo," nikasema.