Nilivyomweka Dau Mtamba wa Baba Mkwe

Nimekosa, jamani! Nalisema kabisa mwanzoni, maana najua nikianza kusimulia kuna mtu atatikisa kichwa na kusema, "Ah, shetani tu huyo." Shetani hakuwepo. Nilikuwepo mimi, mdomo wangu, na kelele za kibanda umiza, kile kibanda cha kutazamia tivii.

Jina langu nalificha. Mimi ni fundi pikipiki hapa Kasulu, nina mke na mtoto mmoja wa kiume, Eliya. Kama umewahi kupita mjini na pikipiki inayokohoa, huenda nimeshaishika.

Baba mkwe wangu ni mzee aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana. Siku hizi ni raia kama mimi, analima Titye. Eliya alipozaliwa, mzee alikuja kwa miguu akimswaga ng'ombe mmoja wa rangi ya udongo, jina lake Bihogo. Akasema, "Mjukuu wangu anywe maziwa."

Sasa nielewe vizuri. Huku kwetu, kwa Waha na kwa Warundi pia, ng'ombe wa kupewa si mali ya kawaida. Humuuzi. Humchinji. Na akizaa, mtamba wake wa kwanza unamrudisha kwa yule aliyekupa. Unampeleka na pombe, na ndugu, watu waone. Hiyo ndiyo shukrani yako. Usipompeleka, ni sawa na kutangaza kwamba aliyekupa humjui.

Bihogo alizaa dume kwanza, halafu jike. Mke wangu alimlea yule jike kama anavyomlea Eliya. Majani alimkatia mwenyewe, kupe alimtoa mwenyewe kwa vidole. Baba yake alikuwa anahesabu miezi huko Titye, na kila tukienda kumsalimia lazima aulize, "Amekua? Pembe zimetoka?" Tulikubaliana tutampeleka baada ya mavuno ya maharage.

Hapo ndipo langalanga ilipoingia.

Najua wengi wenu ni watu wa mpira. Sisi kijiweni kwetu tuna ugonjwa wa zaidi. Saidi, mwenye duka, ana tivii kubwa nyuma ya duka lake, na Jumapili anatuwekea mbio za magari ili tununue soda na kahawa. Mafundi, bodaboda, walimu wawili watatu, wote tumo. Majina ya madereva yanatushinda ulimi, kwa hiyo tunawaita kwa rangi ya magari. Msimu uliopita walibaki wawili wanaogombea ubingwa, Bluu na Chungwa. Pointi zao zilikaribiana kiasi kwamba mbio ya mwisho ndiyo ingeamua.

Wiki ile kazi hazikufanyika! Mtu analeta pikipiki kubadilisha mnyororo, anaishia kukaa kwenye tairi bovu anabishana. Na mimi nilikuwa Bluu wa kufa na kuzikana. Nikawa nawafundisha watu: tairi ikichoka inafanyaje, injini ikipata joto inafanyaje. Kwa sababu nafungua injini za pikipiki, basi nikajiona na yale magari ya mamilioni nayajua. Ujinga huo!

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Ntakije, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kibondo, anayekuja Kasulu kila wiki na fuso. Yeye ni Chungwa. Si mtu wa kelele. Anakuacha uongee, uongee, halafu anacheka kwa pua.

Jumapili yenyewe, kabla mbio hazijaanza, watu wakaanza kuwekeana. Huyu kaweka jogoo, yule kaweka gunia la maharage. Mimi nikaweka maneno tu. Ntakije akanigeukia mbele ya wote.

"Fundi, wiki nzima unatuhubiria. Weka kitu basi. Maneno hata kasuku anayo."

Kibanda kizima kikacheka. Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Naweka mtamba!" nikasema.

Kicheko kikakatika. Saidi akatoa kichwa dirishani, ananiangalia kama mtu aliyepatwa na homa. "Mtamba gani? Yule wa mkwe wako?"

"Yuko zizini kwangu. Ni wangu."

"Si wako, ndugu yangu," Saidi akasema. "Mimi ni mgeni wa pwani, lakini hilo hata mimi nalijua. Na msiniite shahidi, dini yangu hairuhusu kamari."

Ntakije akasema yeye anaweka mitamba miwili. Miwili! Nikaona picha yote kichwani: naingia Titye na mitamba mitatu badala ya mmoja, mzee anashika kiuno, majirani wanapiga vigelegele, mkwe gani huyu! Tamaa ikashikana mkono na kiburi. Tukapeana mikono mbele ya watu.

Mke wangu hakuwepo. Alikuwa ameenda Kibondo kwa dada yake aliyejifungua. Angekuwepo, huenda ningemwogopa. Huenda.

Mbio nitazieleza kwa kifupi maana bado zinanichoma. Bluu aliongoza mizunguko karibu yote. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi, nimeshavua shati, nampungia Ntakije. Halafu timu ya Bluu ikamwita dereva wao aingie kubadili tairi, ikiwa imebaki mizunguko kidogo tu. Nikapiga kelele, "Usiingie! Usiingie wewe!" kana kwamba ananisikia. Akaingia. Alipotoka, Chungwa alikuwa ameshapita. Ndiyo ikaisha hivyo. Chungwa analia ndani ya kofia yake, anabusu kombe, wala hajui kama kuna mji duniani unaitwa Kasulu.

Asubuhi yake fuso ilisimama nyumbani kwangu. Mngeniuliza kwa nini sikukataa, ningewajibu nini? Kwamba niliogopa kuchekwa kijiweni? Ndiyo, niliogopa kuchekwa. Nikamfungua mtamba kwa mikono yangu. Bihogo alilia siku nzima ile, hakula, akawa anazunguka zizi. Nikamtupia majani, akayakanyaga.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikapanda pikipiki mpaka Kibondo kumtafuta Ntakije, nimpe chochote atakachotaka anirudishie mtamba. Akaniambia bila ubaya wowote, "Fundi, mimi nafanya biashara ya nyama. Kwa nini hukuja jana?"

Nililia barabarani, mtu mzima na ndevu zangu.

Hapo ndipo nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Badala ya kwenda Titye kupiga magoti, niliuza mashine yangu ya kujazia upepo, nikaenda mnadani upande wa Buhigwe na kutafuta mtamba wa rangi ileile. Nikampata. Rangi ya udongo, pembe ndogo, umri uleule. Nikamfunga zizini. Nikajiambia ng'ombe ni ng'ombe.

Mke wangu alirudi, akaweka mzigo chini, akaenda zizini moja kwa moja kabla hata ya kunywa maji. Akasimama pale. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Huyu ni nani?"

Nikamweleza yote. Sikufikiria kumdanganya, mtu aliyemtoa kupe yule ndama! Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kinyesi kikavu na kanga yake nzuri ya safari. Nikamwomba. Nikamwambia mzee ana presha, tutamuua. Nikamwambia akinisema, ndoa yetu imekwisha na Eliya atalelewa wapi? Nilimbana kila upande mpaka akasema, "Sawa. Nitanyamaza." Neno lile nililifurahia, mpumbavu mimi.

Tulimpeleka baada ya mavuno, kama tulivyopanga. Mzee alikuwa ameshafyeka njia, ameshatengeneza upande mpya wa zizi, majirani wamejaa uani. Akatupokea kwa desturi yao, "Gira inka, mukwe wanje!" Maana yake uwe na ng'ombe, mkwe wangu. Maneno hayo yaliniingia kama sindano.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliweka mkono mgongoni mwa yule mtamba wa mnadani, akaanza kumsifu kwa Kirundi. Akamtaja mama yake, Bihogo. Akamtaja bibi yake. Akamtaja mama wa bibi yake, ambaye yeye mzee, akiwa kijana, alivuka naye mpaka wa Burundi akiwa amemfunga kamba kiunoni kwake ili wasipotezane gizani, siku ambayo nduguze wengine hawakuvuka. Kumbe ukoo mzima wa ng'ombe wale ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao! Sikuwahi kuambiwa. Nisingeuliza pia, mimi wa kuongelea matairi.

Mke wangu alikuwa analia. Majirani wakasema ni furaha. Mzee akamtazama, akatabasamu, akaendelea.

Nilikaa na jambo hilo tumboni mpaka likanishinda. Kilichonivunja ni habari kwamba mzee anasema mtamba yule akizaa, jike la kwanza litakuwa la Eliya, ili ukoo wa Bihogo uendelee kwa mjukuu. Nikaona uongo wangu sasa unamfuata mtoto. Nikaenda Titye peke yangu, bila kumwambia mke wangu. Nikapiga magoti uani, nikasema yote: langalanga, Ntakije, mnadani.

Mzee alinisikiliza huku anamenya mihogo. Nilipomaliza, akaniambia, "Inuka, mukwe. Nilijua siku ileile. Nilipomgusa tu mgongo nilijua."

"Sasa baba, kwa nini ulimsifu?"

"Binti yangu alikuwa amesimama pale. Ningemwaibisha mbele za watu? Nilijiambia umetudanganya wote wawili, mimi na yeye. Nikasema, acha nibebe peke yangu, mtoto wangu asijue ameolewa na mtu gani."

Kisu kikasimama. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Yeye hakujua, siyo?"

Wenzangu, mdomo huu ulikuwa umedanganya ukwe mzima na majirani juu! Ulibaki uongo mmoja tu wenye faida, neno moja, "Hakujua." Lingemwokoa mke wangu, na mzee alikuwa analisubiri, nilimwona anavyolisubiri. Badala ya kulisema niliinamisha kichwa, na mzee akaelewa kuwa binti yake alijua.

Mzee alirudi kumenya mihogo yake.

Mimi amenisamehe. Alituma mtu kuniambia, na kuhusu Bihogo akasema abaki kwangu kwa ajili ya maziwa ya mjukuu. Mimi ni mtu wa kuja, alisema, si damu yake, na mtu wa kuja hukosea.

Lakini mke wangu! Zamani akifika Titye, baba yake anamfokea tangu mbali, kwa nini umechelewa, mbona umekonda, chota maji haraka. Sasa hivi akienda anawekewa kiti. Akipeleka maziwa, mzee anayapokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante sana, mama, umejisumbua." Anamwambia anavyomwambia mgeni. Mke wangu anarudi nyumbani, anaingia jikoni, na mimi nasikia kupitia ukutani anavyolia. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu!

Kijiweni siendi tena. Msimu mpya umeanza, wanabishana kuhusu Bluu na Chungwa kama kawaida, na nikipita na spana zangu wananiita. Natikisa kichwa, napita.

Wewe unayesoma hapa na mkeka wako wa kubeti mfukoni, sikukatazi, mimi nani? Nakuomba kitu kimoja. Siku ubishi ukipanda na mtu akikuambia "weka kitu," nyamaza kidogo ujiulize nani mwingine anakula, analala au anaheshimiwa kupitia kitu hicho. Na kama umeshaharibu, nenda kaseme siku hiyohiyo, ukiwa peke yako. Usimwombe mkeo akunyamazie.